Kasha la Baba: uzoefu wangu na fundi aliyelimalizia

Baba alipopata kiharusi mwezi wa Oktoba mwaka juzi, kasha alilokuwa akilitengeneza lilibaki uwani, chini ya banda la mabati, likiwa na mbavu nne zilizokwisha kuunganishwa, droo moja kati ya tatu, na kifuniko ambacho kilikuwa bado mbao mbili zilizobanwa kwenye jiriwa. Ni kasha la Kizanzibari la kawaida, la aina ile yenye droo tatu chini na misumari ya shaba usoni. Aliniahidi mwaka 2015 nilipoolewa, likacheleweshwa kwanza na ualimu, kisha na kustaafu kwenyewe, kwa kuwa mstaafu mwenye randa nzuri huletewa viti vibovu vya mtaa mzima. Mkono wake wa kulia haujarudi, na maneno humtoka moja moja. Mojawapo ya maneno ya mwanzo yaliyomrudia lilikuwa "kasha".

Niliwaendea mafundi watatu hapa Unguja. Wa kwanza, mwenye kiwanda kinachowauzia watalii, alitazama picha kwenye simu yangu akasema kumalizia kazi ya mtu ni tabu kuliko kuanza yako, hivyo nimpelekee mbao tu naye atanipa kasha jipya. Simlaumu, kwa sababu anayemalizia hubeba lawama ya makosa asiyoyafanya, na saa anazotumia kuisoma kazi ya mwenzake hakuna mteja anayependa kuzilipia. Wa pili alikubali upesi mno. Alitaja bei kabla ya kuliona kasha, na nilipomuuliza vipande vidogo vya mbao vilivyokuwa ndani ya kopo la biskuti ni vya nini, alisema ni masalio, nivitie jikoni.

Wa tatu, ambaye ndiye ninayemwandikia maoni haya, nilielekezwa kwake na muuza misumari wa Darajani. Ni kijana kuliko nilivyotarajia, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba hatataja bei mpaka aje nyumbani amwone mwenye kazi. Alikuja na baiskeli baada ya sala ya Alasiri. Alisema, "Shikamoo, Maalim," kisha akangoja, bila kunitazama mimi ili nimjibie, mpaka Baba alipoweza kuitoa marahaba yake nzima.

Kwa muda mrefu hakupima chochote. Aliomba kuona vifaa vya Baba, akaishika patasi moja akatazama makali yake yalivyonolewa, kisha akapiga magoti mbele ya ile droo iliyokamilika na kupitisha ukucha kwenye kona, mahali ulimi wa ubao mmoja unapoingia kwenye tundu la mwenzake. Pembeni mwa maungio bado palionekana mstari wa penseli. Akauliza, "Maalim, wewe mstari unauacha au unaula?" Mimi sikuelewa swali. Baba alielewa mara moja, akanyoosha mkono wa kushoto, akauweka kidole juu ya mstari ule na kusema, "Naacha."

Baadaye alinifafanulia. Baba alikuwa amekwisha kuchora alama zote za droo mbili zilizosalia. Fundi anayekata juu ya mstari wenyewe, yaani anayeula, akizifuata alama za fundi anayekata pembeni yake na kuuacha ubaoni, kila ulimi utapungua kwa unene wa mstari wa penseli, na maungio yote yatacheza hata yakijazwa gundi namna gani. Yeye kwa mazoea ni mla mstari. Kwa hiyo kazi yote ya msumeno katika kasha hili aliikata kwa desturi ya Baba, na alikiri kwamba ilimchosha kuliko kuchonga nakshi.

Kopo la biskuti nalo alilimwaga mkekani mbele ya Baba, wakaanza kuvipanga vipande, fundi akiweka na Baba akitikisa kichwa au kukubali. Havikuwa masalio. Vilikuwa sehemu za kijisanduku cha pembeni ndani ya kasha, kile ambacho ubao wake wa mbele ukivutwa juu hufichua vidroo viwili vya siri. Kipande kimoja kilikosekana, na nashuku nilikwisha kukipikia chai.

Kuhusu muda, nina manung'uniko. Aliahidi wiki sita, zikawa miezi minne. Alilichukua kasha mwanzoni mwa Aprili, masika yakiwa yameanza, akanieleza kwamba mbao hufura kwa upana wake zinaponyonya unyevu. Droo akizirandia ndani ya masika zikae sawasawa, zitalegea hewa ikikauka, kwa hiyo angeunganisha mwili na kifuniko kwanza na kuzingoja droo mpaka kusi. Maelezo hayo niliyakubali, na hata Baba aliyakubali. Lakini Juni na nusu ya Julai hazikuwa na mvua ya kusingiziwa. Alikuwa amepokea kazi ya milango kutoka hoteli moja, na simu zangu zikawa zinajibiwa na mwanafunzi wake, "Bado kidogo, dada." Kama angenieleza ukweli ningengoja bila kinyongo.

Jambo jingine ni vanishi. Alipaka inayong'aa kama meza ya mgahawa, wakati Baba hutumia mafuta tu. Nilipolalamika aliikwangua yote kwa msasa bila kudai nyongeza, ingawa ilimla siku mbili.

Misumari ya shaba, zaidi ya 300, niliinunua mwenyewe. Nilimkuta akiipigilia: kila mmoja aliutobolea tundu kwanza kwa keekee, kwa kuwa shaba ni laini na mbao hizi ni za msaji mkuukuu, na ukiupiga msumari bila njia hupinda au huacha kichwa kikae upande. Mchoro wa misumari Baba alikuwa ameumaliza kwenye gazeti, nao ulifuatwa ulivyo, pamoja na ua moja la kushoto ambalo lina petali saba wakati wenzake wana nane.

Ufundi peke yake ulikuwa shilingi 350,000, nusu arubuni na nusu siku ya kupokea, na risiti aliandika kwa mkono. Bei hii inakaribia ya kasha jipya dogo, na anayetafuta nafuu asiende kwake. Mimi kazi nyingine kama hii ningempelekea tena, ila tarehe tungeiandika kwenye karatasi.

Kasha sasa liko chumbani kwa Baba, halijafika kwangu. Droo mbili za fundi zinateleza vizuri. Ile ya katikati, aliyoitengeneza Baba kabla hajaugua, inakwaruza kidogo upande wa kulia, na fundi amekuja mara mbili na randa yake kutaka kuirekebisha bila malipo. Mara zote mbili Baba ameuweka mkono wa kushoto juu yake na kusema, "Hiyo acha."