Shahada ya masafa: ya Huria au ya ng'ambo?

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Unasomea nyumbani, lakini mtihani unakwenda kuufanyia kituoni, mbele ya wasimamizi. Kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa hiyo mwajiri wa hapa nchini hana la kuuliza. Kazi ni kujisukuma usiku, umechoka, peke yako.

Ya ng'ambo ina sura mbili. University of London imefungua milango kwa wanaosoma kwa mbali tangu 1858; hiyo huwezi kuiita ya magumashi. Ila mwaka 2015 kampuni ya Axact ya Karachi ilifichuliwa ikiuza vyeti vya vyuo hewa, na hata mashirika yaliyodaiwa kuvipa vyuo hivyo ithibati, yaani uthibitisho wa ubora, yalikuwa ya kubuni! Basi neno "ithibati" kwenye tovuti halitoshi. Uliza nani kaitoa. Kwa chuo cha Marekani, angalia kama mtoa ithibati anatambuliwa na Wizara ya Elimu ya huko au CHEA, baraza la huko linalotambua watoa ithibati wa vyuo. Kisha cheti kipelekwe TCU kikatathminiwe.

Kwa anayewinda ajira serikalini, mimi ningemwambia aanze na Huria.