Brooklyn: Kings Plaza au Atlantic Terminal?

Tofauti kubwa kati ya majengo haya mawili ya maduka ya Brooklyn, New York, ni usafiri. Atlantic Terminal Mall, iliyofunguliwa 2004, iko juu ya kituo cha treni. Ukishuka Atlantic Avenue–Barclays Center kwa treni za 2, 3, 4, 5, B, D, N, Q au R, unapanda ngazi tu. Kings Plaza, ya tangu 1970, iko kona ya Flatbush Avenue na Avenue U, na hakuna treni inayofika hapo. Panda treni ya 2 hadi mwisho wake, kituo cha Flatbush Avenue–Brooklyn College, kisha basi la B41 au Q35. Hapo ndipo wengi hupotea: baadhi ya B41 huchepuka kwenda Bergen Beach, kwa hiyo soma kibao cha mbele kabla ya kupanda. Lipia basi kwa kadi au simu ileile uliyotumia kwenye treni. Ndani ya saa mbili hutozwi tena.

Mwenye gari aende Kings Plaza, maana ina maegesho yake ya ghorofa, ya kulipia. Pia ni kubwa zaidi, na kwa nguo tunaipendekeza bila kusita. Atlantic inafaa kwa mahitaji ya haraka ya nyumbani, kwa sababu Target, duka kubwa la bidhaa za kila aina, imo humo. Epuka tu jioni za mechi au tamasha Barclays Center, ng'ambo ya barabara: kituo hufurika.

Kodi ni sawa kote: nguo au kiatu chini ya dola 110 hakitozwi. Kikifika 110, asilimia 8.875 hutozwa kwenye bei yote.