Vitafunwa vya watoto madukani Mtwara na Lindi: bonyeza pakiti kabla ya kulipa

Kina mama wa Ligula, wa Chuno, hata wa Lindi mjini wananiletea malalamiko yale yale. "Mwanangu hataki korosho." "Mwanangu anauma biskuti mara moja, anairudisha mezani." Asubuhi unakimbizana na daladala, mtoto anasubiriwa chekechea, umemtilia kitu kwenye mfuko, jioni kinarudi kama kilivyokwenda. Basi mtoto anapachikwa jina: eti mteuzi, eti anadeka. Mimi nasema ichunguzeni pakiti kwanza, maana mara nyingi mtoto huwa ana haki. Ulimi wake umeonja mafuta makuukuu, ila hajapata maneno ya kukueleza.

Sukari na rangi sitazizungumzia sana, zina wasemaji wengi. Ninaloshikilia mimi ni upya wa kitu chenyewe, na hasa mshono wa kifuko. Karibu nusu ya uzito wa korosho au karanga ni mafuta, na mafuta hayo yakikaa kwenye joto, mwanga na hewa yanachacha. Sasa tazama madukani kwetu. Vifuko vimepangwa juu ya kabati la kioo, mlangoni kabisa, jua la saa tisa linavipiga. Kifuko kimefungwa kwa moto wa mshumaa: mshono umekunjamana, umefanya weusi pembeni, na katikati pana kitundu cha kupitisha sindano. Unyevu wa pwani unaingia hapo usiku na mchana. Baada ya muda korosho inalegea, ukiitafuna haivunjiki, na kooni inaacha uchungu.

Kipimo changu ni hiki. Shika pakiti, isogeze karibu na shavu, ibonyeze taratibu. Ukisikia upepo unakupiga, irudishe. Hata kama muuzaji anakwambia, "Mama, hizo zimekuja jana tu," irudishe. Nyumbani, ukishafungua, nusa kabla hujampa mtoto. Korosho isiyoharibika ina harufu tamu ya maziwa maziwa; iliyochacha inanuka kama kikaangio kilicholala na mafuta ya juzi.

Kwenye karanga kuna zaidi ya harufu. Unyevu unaozilegeza ndio huo huo unaoalika ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi, chakula cha kila siku. Sumu yenyewe hainusiki wala haiondoki kwa kukaanga. Kwa hiyo karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye vumbi la kijani usizichambue ukatoa mbaya ukabakiza nzuri. Mwaga zote.

Sasa nivipange vitafunwa vyenyewe, kuanzia ninachokipenda zaidi. Nafasi ya kwanza, na wala sifichi upendeleo, naipa mtindi wa Tanga Fresh, ule mweupe wa kawaida usiotiwa ladha. Ni maziwa yanayokusanywa kwa wafugaji wadogo wa Tanga kupitia vyama vyao vya ushirika, na uzito wake ninaupenda: unamiminika polepole, hauachani maji na mabonge. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja anaunywa kwa kikombe, ukiponda ndizi mbivu humo ndani hahitaji sukari. Lakini mtindi huu unafika kwetu umesafiri zaidi ya kilomita 800, na safari yote hiyo unataka ubaridi. Nunua kwenye duka ambalo friji lake linanguruma, tena gusa pakiti: iwe baridi kwelikweli, siyo ya uvuguvugu wa umeme uliokatika ukarudi. Pakiti iliyovimba usiiguse kabisa, humo ndani kuna kitu kinachachua kuliko inavyotakiwa. Wapo wenye maduka wanaozima friji usiku ili kuokoa luku, asubuhi wanawasha, sisi tunauziwa mtindi uliopata joto mara kadhaa. Jambo hili linaniudhi kupita kiasi, kwa sababu anayeumwa tumbo ni mtoto na anayelaumiwa ni mama yake.

Ukikosa duka la kuaminika, chukua maziwa ya boksi yasiyotiwa sukari. Yamechemshwa kwa joto kali sana kwa sekunde chache yakafungwa bila kuguswa na hewa, ndiyo maana yanakaa rafuni bila friji. Ukishalikata boksi, basi, ni friji au yaishe siku hiyo.

Nafasi ya pili naipa korosho, ila kwa masharti. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe korosho nzima wala karanga nzima, zinaweza kumkaba. Ponda kwenye kinu mpaka ziwe unga, nyunyiza kwenye uji au mtindi. Kwa kazi hiyo huhitaji zile nyeupe nzima za kuwekea wageni. Nunua vipande. Vinauzwa bei ya chini, na mwilini vinafanya kazi ile ile. Pakiti bora ni zile zilizonyonywa hewa, ngumu kama tofali, zenye tarehe ya kutengenezwa na nembo ya TBS, shirika la viwango. Pakiti ya namna hiyo ikiwa imelegea mkononi, hewa imeshaingia.

Muulize muuzaji swali moja tu: zimebanguliwa lini? Korosho ikiwa kwenye ganda lake inavumilia. Ikishabanguliwa ndipo saa inapoanza kuhesabu. Msimu wetu unaanza Oktoba, kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka huna sababu ya kukubali mzigo wa zamani.

Na hapa lazima niseme. Tunaishi katikati ya mikorosho, kutoka Mikindani mpaka Masasi, Newala na Tandahimba huoni kingine. Naliendele pale, kilomita chache tu kutoka mjini, ndipo kilipo kituo cha utafiti wa zao lenyewe. Halafu sehemu kubwa ya korosho inapakiwa melini ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na mtoto wa Mtwara analetewa masalio kwenye kifuko cha mshumaa. Sigombani na bei yenyewe, hesabu ninaijua. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho ghafi kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ili upate kilo moja iliyobanguliwa unahitaji ghafi kama kilo nne hadi tano, yaani kwa bei ile ni kati ya shilingi 13,200 na 16,500 kabla hujamlipa mbanguaji, hujawasha moto wala hujanunua kifungashio. Korosho haiwezi kuwa rahisi. Ninachogombania ni kuuziwa mzigo mkuukuu kwa bei ya mpya, tena na mtu anayejua fika kwamba ni mkuukuu. Ukimuuliza tarehe anakuonyesha dari. Yupo mmoja aliyebandika karatasi ya bei juu ya tarehe, nilipoibandua akanuna. Mama mwenzangu, zibandue tu.

Siagi ya karanga ni ya tatu, na kwa familia yenye haraka pengine ndiyo inayookoa asubuhi nyingi. Soma orodha ya viambato: kinachotajwa mwanzo ndicho kilichomo kwa wingi. Iseme karanga, na chumvi ikipenda. Mafuta kuelea juu si ubovu, koroga. Paka nyembamba kwenye mkate, usimpe mtoto mdogo kwa kijiko kitupu kwa sababu inaganda kooni. Ile inayosagwa sokoni ukiwa unaangalia, kwa karanga ulizozichambua mwenyewe, naiamini kuliko kopo lililokaa rafuni miezi.

Kashata za ufuta za Lindi ni tamu, watoto wanazigombania, lakini sukari yake ni nyingi na zinang'ang'ania meno. Ziwe za siku ya Ijumaa. Ufuta nao una mafuta tele, kwa hiyo kipimo cha mshono na pua kinafanya kazi hapa vile vile.

Biskuti: ya maziwa au ya unga wa ngano nzima, pakiti ndogo inayoisha mara moja. Vunja moja dukani ukishalipa. Isipolia, rudisha hapo hapo kabla hujatoka mlangoni.

Ndizi za genge zipo, za bei ndogo, zimefungashwa na Mungu. Chukua.

Juisi za boksi na soda siziweki kwenye daraja lolote. Matunda yenyewe yamejaa sokoni.

Ukifika nyumbani, korosho na karanga usiziache kwenye kifuko chake. Zihamishie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, iliyokauka kabisa, uiweke kwenye friji au kabati lenye giza mbali na jiko. Nunua za kutosha wiki mbili tu, hata kama muuzaji anakushawishi kwa bei ya kilo nzima.