Podikasti za udaktari: nilichopata kwa kusikiliza nikiwa intani

Kama uko mwaka wa nne au wa tano, au uko intani na zamu zimekubana, mi nakushauri uanze na The Clinical Problem Solvers. Ni ya bure, wanaongea Kimarekani cha haraka haraka ila utazoea. Ninachokipenda ni wanavyoleta keisi, mmoja anayo historia yote, mwenzake hajui kitu, anapewa kidogo kidogo, kwanza umri na kilichomleta mgonjwa, haya tuambie unawaza nini, anaongea kila kinachomjia, anaongezewa mapigo na presha, anabadili mawazo, anaongezewa vipimo, anafuta alichosema mwanzo na anaeleza kwa nini anakifuta. Yani unamsikia bingwa akiwaza kwa sauti! Kwenye raundi za wadini, hiyo kitu ni adimu, wagonjwa wengi, bingwa anataja jibu mnaandika mnahamia kitanda kingine. Sasa usiisikilize kama redio, haitakaa kichwani. Mi nikiwa kwenye daladala naisimamisha kabla hajajibu, nataja magonjwa yangu matatu kimoyomoyo, ndo naendelea.

The Curbsiders nayo nzuri sana kwa presha, kisukari, figo na mambo ya kliniki ya kila siku, wanamleta bingwa na kumuuliza vile ambavyo ungetamani kumuuliza wewe, uanze na dawa gani, uongeze lini. Ni ndefu tu.

Ila jamani mazingira yao si yetu. Mgonjwa ana homa wao wanauliza kasafiri nchi gani, sisi malaria tunaishi nayo. Kikohozi cha wiki kadhaa na kukonda, kwao TB inakuja mwishoni mwishoni, huku ndo ya kwanza kuipima. Kwa hiyo chukua namna yao ya kufikiri, orodha ya magonjwa ipange mwenyewe kulingana na wadi yako. Hili nalisisitiza kwa sababu ukiimeza nzima utaanza kuwaza magonjwa ya nadra mbele ya mtoto anayehitaji mRDT tu, kile kipimo cha haraka cha malaria.

Namba pia usizitegemee kwa masikio. Artesunate ya sindano kwa malaria kali, mtoto chini ya kilo 20 anapata 3 mg kwa kilo, wa kilo 20 na kuendelea ni 2.4 mg kwa kilo. Ukizisikia unaona umeelewa, usiku wa manane zote zinafanana, so dozi fungua mwongozo uisome kwa macho. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eksirei nazo hivyo hivyo, ni za kuziona kwa macho. Kuna app moja nililipia, kazi yake ni kusoma noti kwa sauti ya roboti, majina ya dawa inayavunja vunja hata huelewi, hela imeenda bure.

Ambapo sauti inaushinda ukurasa wa kitabu ni kwenye moyo. Huku kwetu bado tunawaona vijana ambao homa ya rumatiki imewaharibu valvu, na mvumo (ile sauti ya ziada ya moyo) wa valvu ya mitrali iliyobana ni mzito, wa chini, unakuja moyo ukiwa unajaa damu, ni rahisi mno kuupita. Kitabu kinakwambia "rumbling", haikusaidii kitu. Tafuta rekodi zake, sikiliza moyo usio na shida kwanza halafu wenye mvumo, rudia rudia, na tumia hedfoni maana spika ya simu haitoi sauti nzito kama hiyo, utadhani rekodi haina kitu. Ukienda kwa mgonjwa mlaze ubavu wa kushoto, weka ule upande wa kikombe wa stetoskopu kwenye ncha ya moyo, uguse tu bila kukandamiza, ukikandamiza sauti nzito inapotea. Muda ule nilioupoteza kwenye foleni za barabarani ndo nimeutumia kufundisha masikio yangu mvumo huu, na sasa nikiwa wadini naushika.

Bando lisikutishe, pakua vipindi ukiwa kwenye wifi.