Chingamu ya nikotini ya miligramu 4: wiki kumi bila vepu

Nimetafuna chingamu ya nikotini ya miligramu 4, dawa ya kumsaidia mtu kuacha kuvuta, kwa wiki kumi mfululizo, na katika wiki hizo sijavuta vepu, yaani sigara ya kielektroniki, hata mara moja. Naandika tathmini hii kwa sababu mara ya kwanza nilipoinunua dawa hii niliitumia siku mbili tu, nikaitupa, kisha nikawaambia wenzangu kazini kwamba ni pesa zilizopotea bure. Nilikosea, na ningependa mtu mwingine asikosee vivyo hivyo, kwa kuwa kosa lenyewe hurekebishika kwa maelezo ya dakika tano ambayo wauzaji wengi hawayatoi.

Nilianza kuvuta vepu mwaka wa 2021. Kifaa changu kilikuwa cha kutumia na kutupa, chenye ladha ya embe, na ubavuni kimeandikwa asilimia 5, yaani takriban miligramu 50 za nikotini katika kila mililita ya kimiminika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria hairuhusu kupita miligramu 20. Kiwango kikubwa namna hiyo huvutika bila kukohoa kwa sababu nikotini yake huwa katika hali ya chumvi, ambayo haikereketi koo kama nikotini ya kawaida, hivyo mtu huweza kuvuta kutwa nzima bila koo kumwonya. Sigara huisha mkononi na mvutaji akajua amemaliza moja, lakini vepu haina kituo. Nilikuwa naivuta jikoni, kwenye ngazi za ofisi na ndani ya gari la rafiki, na usiku niliiweka chini ya mto.

Chingamu ya kwanza niliinunua katika duka kubwa la dawa ndani ya jumba moja la maduka. Aliyeniuzia alinipa pakiti ya miligramu 2, akapokea pesa, akanipa risiti, basi. Niliitafuna kama chingamu yoyote ile, haraka na mfululizo. Baada ya dakika chache koo liliwaka, nikashikwa na kwikwi isiyokatika, kisha kichefuchefu, na hamu ya kuvuta ikabaki palepale. Siku ya pili jioni, matatu yetu ikiwa imesimama kwenye msongamano wa Lang'ata Road, Nairobi, arosto, yaani uchu wa kukosa nikotini, ilinibana mpaka viganja vikatoka jasho. Niliposhuka tu, nilikwenda moja kwa moja kibandani kununua vepu nyingine.

Miezi mitatu baadaye niliingia katika duka dogo la dawa upande wa Ngong Road, nikiwa nimefuata dawa ya mafua, nikaiona pakiti ileile nyuma ya kioo. Nilimwambia mfamasia kwamba niliwahi kuijaribu na haikunisaidia. Hakubishana nami. Aliniuliza, "Dada, ukishaamka asubuhi, unakaa muda gani kabla ya kuvuta?" Nikamjibu, "Daktari, navuta kabla sijatoka kitandani." Akairudisha pakiti ya miligramu 2 kwenye rafu, akatoa ya miligramu 4. Alinieleza kwamba idadi ya sigara, ambayo ndiyo hupimiwa wavutaji wa sigara, haina maana kwa mtu wa vepu asiyeweza kuhesabu mivuto yake, na kwamba swali la asubuhi ndilo linalotegemewa: anayevuta ndani ya dakika 30 baada ya kuamka huanza na miligramu 4.

Halafu alifanya jambo ambalo kwangu ndilo lililobadilisha kila kitu. Alinitaka nifungue pakiti niliyokwisha kulipia, nitoe kipande kimoja, nikitafune mbele yake. Kipande kilikuwa kigumu, cheupe, cha mraba, na kilipovunjika mara ya kwanza ladha ya mnanaa ilifuatwa na mwasho mithili ya pilipili manga pembeni mwa ulimi. "Umeisikia? Sasa acha kutafuna. Iegeshe hapa," akasema akigusa shavu lake. Niliiegesha kati ya shavu na ufizi, nikatulia. Mwasho ulipopungua, baada ya dakika moja hivi, aliniambia nitafune tena mara chache na kuiegesha upande wa pili. Tuliendelea hivyo huku akiwahudumia wateja wawili waliokuja nyuma yangu, na kila alipopita alitazama kama taya langu limetulia. Kipande kimoja huenda nusu saa kwa mwendo huo.

Sababu yake ni hii. Nikotini ya chingamu hupenya kupitia ngozi laini ya ndani ya kinywa. Mtu akitafuna haraka huimeza pamoja na mate, na ikifika tumboni huleta kichefuchefu na kwikwi, ilhali sehemu kubwa ya ile inayofyonzwa huvunjwavunjwa na ini kabla ya kuufikia ubongo. Kumbe yale yote yaliyonipata mara ya kwanza yalitokana na namna ya kutafuna, na dawa yenyewe haikuwa na hatia.

Kosa la pili lilikuwa la wakati, na hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote. Nikotini ya vepu huufikia ubongo kwa sekunde chache, lakini ya chingamu huchukua karibu nusu saa kufikia kilele chake katika damu. Anayengoja abanwe na hamu ndipo atafute kipande amechelewa, kwa maana hamu yenyewe hupanda na kushuka katika dakika chache, na kwa kawaida mtu hushindwa katika dakika hizohizo. Chingamu hutafunwa kwa kufuata saa, bila kungoja hamu. Mfamasia aliniandikia kwa kalamu juu ya pakiti: kipande kimoja kila saa moja hadi mbili kwa wiki sita za kwanza, kisha kila saa mbili hadi nne kwa wiki tatu, kisha kila saa nne hadi nane kwa wiki tatu za mwisho, na isizidi vipande 24 kwa siku. Niliweka kengele kwenye simu. Kengele ilipolia nilitafuna, hata kama wakati huo sikuwa na hamu yoyote, na kufikia siku ya nne niligundua kwamba mawimbi ya hamu yalikuwa yanakuja yakiwa yamepungua nguvu.

Chai ndiyo iliyonipa taabu ambayo sikuitarajia. Vinywaji vyenye asidi, kama kahawa, soda na maji ya matunda, huizuia nikotini isipenye kinywani, na kwa hiyo haifai kula wala kunywa chochote dakika 15 kabla ya kutafuna na wakati kipande kimo mdomoni. Kwa mtu anayefanya kazi ofisini Nairobi, ambako chai huletwa saa nne asubuhi na tena saa kumi, na mgeni hawezi kukaa dakika tano bila kukaribishwa kikombe, sharti hilo ni zito. Nilisogeza kengele yangu: kipande cha saa tatu, chai ya saa nne, kisha kipande kingine saa nne na nusu. Wiki ya kwanza nilipuuza jambo hili siku moja, nikatafuna nikiwa na glasi ya maji ya ukwaju mkononi, na jioni hiyo ilikuwa mojawapo ya jioni ngumu kuliko zote.

Nikisifu dawa hii nitaje pia kisichokuwa kazi yake. Inashughulika na nikotini peke yake. Haikutoa mkononi mwangu ile hali ya kukishika kifaa, wala haikunipa ule mvuke wa kupuliza. Siku ya pili na ya tatu, ambazo ndizo kali zaidi kwa wengi, nilikuwa na hasira za ghafla na usingizi wa mang'amung'amu, na hali hiyo iliendelea kwa wiki mbili au tatu ikififia polepole. Kilichonisaidia dakika zile ni kuondoka mahali nilipo: kushuka ngazi hadi barabarani, kunywa maji baridi, kumpigia dada yangu simu. Mwenye kutaka mtu wa kuzungumza naye zaidi ya ndugu anaweza kupiga 1192, laini isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Vilevile nilibadili njia ya kurudi nyumbani ili nisipite mbele ya kile kibanda.

Utafiti mwingi kuhusu chingamu hii umefanywa kwa wavutaji wa sigara. Mapitio ya Januari 2025 kuhusu kuacha vepu, yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaliona dalili za kutia moyo zaidi kwenye vidonge vya vareniklini, dawa ya kuacha sigara isiyo na nikotini, na kwenye programu za ujumbe mfupi wa simu kwa vijana, huku ushahidi wa chingamu na vibandiko vya nikotini vya ngozi kwa watu wa vepu ukiwa bado mchache. Nimelitaja ili msomaji asidhani kwamba yaliyonifaa mimi yamethibitishwa kwa kila mtu. Aliye chini ya miaka 18, mjamzito, au aliyepata mshtuko wa moyo hivi karibuni aanze kwa daktari. Na mwenye watoto nyumbani aifungie mbali, pamoja na vipande vilivyokwisha kutumika, kwa maana hubakiwa na nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto mdogo.

Dosari za bidhaa yenyewe ni tatu. Taya liliniuma wiki mbili za mwanzo. Chingamu hunata kwenye meno yaliyozibwa, nami nina mawili, hivyo ikanilazimu kuiegesha upande mmoja tu. Ya tatu ni bei pamoja na upatikanaji. Pakiti ya vipande 30 nililipia shilingi 1,250, na kwa vipande kumi kwa siku wiki ya kwanza ilinigharimu takriban shilingi 2,900. Vepu mbili nilizokuwa nikimaliza kwa wiki zilikuwa shilingi 3,200, kwa hiyo mwanzoni hakuna akiba ya maana. Sasa natumia vipande vinne kwa siku, na pakiti moja hunipitisha wiki. Lakini mara mbili nilikuta miligramu 4 zimekwisha dukani, nikazunguka maduka matano ya katikati ya jiji kabla ya kuzipata, na kwa mtu aliye katika wiki yake ya kwanza mzunguko kama huo unatosha kumrudisha kwenye vepu.

Hili linaniuma kwa dhati. Tiba ya kufidia nikotini, kama chingamu hii na vibandiko, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka wa 2004, kisha ikatunga sheria yake mwaka wa 2007. Mkataba huo unazitaka nchi ziwasaidie watu kuacha. Hata hivyo vepu naipata kwenye kibanda hatua chache kutoka kituo cha matatu, saa yoyote, ilhali dawa ya kuiacha nikaitafute jiji zima. Kijana wa chuo anayetaka kuacha hana shilingi 2,900 za kutoa kwa mkupuo, na anapaswa kuipata dawa hii katika kituo cha afya kilicho karibu naye.

Chingamu naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua ni ya taya, meno na bei. Huduma ya duka lile la Ngong Road naipa zote tano. Wiki iliyopita nilirudi kununua pakiti niliyokusudia iwe ya mwisho. Mfamasia aliniuliza kipande cha kwanza sasa nakitafuna saa ngapi, nikamwambia saa tatu, nikishafika kazini. Alichukua kalamu, akafuta yale maandishi ya "saa mbili hadi nne" kwenye pakiti yangu ya zamani, akazungushia duara "nne hadi nane", kisha akaniambia nimwachie ya miligramu 4 niliyokuwa nimeishika, kwani kwa wiki zangu zilizobaki za miligramu 2 zitatosha.