Fundi vitasa aliyefungua mlango wa stoo bila drili (uzoefu wangu, Tanga)

Naandika hii kwa sababu wanaojiita mafundi vitasa ni wengi mno siku hizi, ila wengi wao kazi wanayoijua ni kuvunja cha zamani wakuuzie kipya, sasa ukimpata anayefungua kweli bora umseme. Huyu ni mtu mzima, ana kimeza chake cha kuchonga funguo Ngamiani, na nampa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata wapi nitasema huko chini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba ni ya shangazi yangu, ya zamani, milango mizito ya mninga, kila chumba kina kitasa cha leva, vile vyenye tundu kubwa na funguo ndefu ambayo meno yake yamekaa mwishoni kama bendera kwenye mlingoti. Funguo ya stoo imepotea, hakuna anayejua imeenda wapi, na ndani kuna cherehani pamoja na makaratasi ya kiwanja ambayo yalikuwa yanatakiwa haraka. Fundi wa kwanza alikuja na drili mkononi kabisa, akakitazama kitasa kidogo tu akasema hapa dawa ni kutoboa, mbao ikichanika seremala ataziba. Shangazi akamjibu baba ahsante sana, chai ipo ukitaka, ila mlango wangu huugusi.

Ndo tukaletewa huyu wa pili. Alisema atakuja asubuhi akaja adhuhuri imeshasaliwa (hiyo ndo nusu ya nyota niliyokata), alafu hakugusa mlango, akauliza nyumba hii ya nani na akataka aitwe jirani ashuhudie kwamba sisi ndo wenyewe. Mi nikaanza kununa, shangazi akanikatisha, fundi funguo asiyeuliza hivyo mwogope. Jirani akaja, akacheka weee, akathibitisha, kazi ikaanza.

Kwanza akaomba funguo zote za vyumba vingine. "Mwanangu, hivi vitasa vya leva mbili tofauti zake chache, unaweza kukuta funguo ya chumba cha watoto inafungua cha mama." Akazijaribu moja moja, kuna moja iliingia ikazunguka nusu ikagota. Akatoa waya akapapasa ndani huku anaangalia pembeni, akasema aa, hiki kina tatu.

Kwa ambao hamjawahi kukifungua, ndani ya kitasa cha namna hii kuna vibati vyembamba vimelaliana, ndo leva zenyewe, kila kimoja kina kispringi kinachokikandamiza chini na kina upenyo wake katikati. Ukizungusha funguo kila jino linanyanyua kibati chake, penyo zote zikikaa mstari mmoja basi kile kipini kilichosimama kwenye ulimi wa kitasa kinapita na ulimi unarudi ndani. Kibati kikibaki chini kidogo tu, hakipiti. Kikipanda kupita kiasi, vilevile hakipiti. Na hapo pa kupanda kupita kiasi ndo tulipoteseka.

Vifaa vyake ni waya mbili ngumu alizozikunja mwenyewe, ncha moja bapa. Ya kwanza anausukumia ulimi taratibu na kuushikilia hapo hapo kwa kidole kimoja, ya pili anapita nayo leva moja moja anainyanyua mpaka asikie imeshika. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni namwangalia mkono, hautikisiki kabisa, ni kile kidole tu kinachoongeza na kupunguza nguvu, jasho linamtiririka maana ukumbi ule hauna dirisha. Ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Ya tatu ikapanda ikabaki juu huko huko. Akaachia zote, akasubiri, haikushuka. Akasema "huyu leva wa tatu mlevi kweli, akipanda hashuki," shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

Basi akaomba mafuta ya taa, akavuta kwenye bomba la sindano akapuliza kupitia tundu la funguo, akaacha yaingie, alafu akageuza bisibisi akawa anagonga ubavu wa mlango kwa mpini wa mbao, pale pale usawa wa kitasa, tu tu tu, si kwa nguvu. Nikasikia kitu kimeanguka ndani, kasauti kadogo sana. Akaanza upya, ikapanda tena ikanasa, akagonga tena, ikashuka, yani wakaendelea hivyo hivyo yeye na kitasa mpaka adhana ya alasiri ikatukuta pale, na hakutukana hata mara moja wala hakuitazama drili (anayo, niliiona kwenye begi). Ilipofunguka hata sikuelewa, niliona tu amesimama anajifuta mikono akasema sukuma.

Watu wengi hapo wangelipwa wakaondoka. Yeye akakwangua rangi iliyoziba skrubu mbili za kwenye ubavu wa mlango, akachomoa kitasa chote akakifungua kifuniko juu ya gazeti. Ndani tope jeusi limeganda, nikanusa, nazi! Kumbe shangazi miaka nenda rudi kila mlango ukilia anatia mafuta ya nazi, bawaba mafuta ya nazi, kitasa mafuta ya nazi. Fundi akaeleza kwa adabu kabisa, bi mkubwa, mafuta ya nazi yakipata ubaridi yanaganda, na yakikaa yanashika vumbi. Na kweli, chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuwa meupe, wakati wa kipupwe usiku huku kwetu unashuka mpaka 20 na kitu, ndo maana kila mwezi wa saba ule mlango ulikuwa unagoma asubuhi na mchana unakubali, sisi tunasema una majini. Juu ya hapo kispringi cha leva ya tatu kilikuwa kimeliwa na kutu kikakatika, hewa ya chumvi hii, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuirudisha chini.

Usiku nikasoma kwenye simu nikakuta hii tabia ya kugoma leva ikipanda sana kuna watu waliitengeneza makusudi. Leva zenyewe Muingereza Robert Barron alizisajili 1778, kisha 1818 akina Chubb wakatoa kitasa ambacho mwizi akinyanyua leva kupita kiasi kinajifunga na mwenye nyumba anajua kimechezewa. Kilitamba miaka hadi Mmarekani mmoja, Hobbs, alipokifungua London 1851 kwa dakika 25. Chetu hakikuwa na ujanja wowote, ni ubovu tu.

Turudi kwenye kazi. Fundi ana kopo la vitasa vilivyokufa, akachomoa kispringi kwenye kimoja akakipachika, akaosha kila kibati kwa mafuta ya taa, akakausha, akatia tone la mafuta ya cherehani na kusaga risasi ya penseli. Funguo akachonga kwa tupa pale pale barazani: anaifukizia masizi ya mshumaa, anaingiza, anazungusha, anatoa, pale panapong'aa ndo panapogusa basi anapakwangua kidogo tena. Akatengeneza mbili. Shangazi anaifunga sasa kwa vidole viwili na alivyo mgonjwa wa mikono.

Bei, elfu arobaini kazi yote na funguo mbili. Nilijaribu kushusha akagoma kuliko kitasa, akasema akitoboa anatoza kidogo kuliko hapo ila utanunua kitasa na utamlipa seremala, chagua. Nikalipa. Nusu nyota nyingine nimeikata kwa sababu hana risiti, ofisini kwangu ningetaka karatasi asingenipa, na ule unga wa chuma wa tupa kauacha wote barazani, nimefagia mimi.

Kama una kitasa cha leva na unataka kumuita, mpe mapema funguo za vyumba vingine, usimsimamie kichwani ukimuuliza bado, na kama mtu kashakichokoa kabla kwa misumari au kuvunjia funguo ndani mwambie kabisa maana anasema hiyo bei nyingine. Mlango wa uani nao unakaza, shangazi keshamwambia aje baada ya Ijumaa, na chupa ya mafuta ya nazi kaifichia jikoni.