Aisingi ya keki ya sherehe Nairobi: ipi ununue, ipi uiache rafuni

Keki ya nyumbani haifilisi mtu kwa sababu ya unga na mayai. Pesa huishia juu ya keki: krimu, fondanti (kinyunga cha sukari kinachosukumwa na kufunika keki), rangi, nozo (vichwa vya kuminyia aisingi) ishirini ambazo kumi na nane hazitatoka kwenye pakiti. Mpangilio huu unamlenga anayeoka mara chache kwa mwaka, asiye na friza, ambaye keki yake ya inchi 8 yenye tabaka mbili (ile tunayoiita ya kilo) itapanda matatu au gari la jirani kabla ya kufika mezani. Bei hupanda na kushuka kila mara, kwa hiyo tunakupa kiasi. Kizidishe kwa bei utakayoikuta dukani.

Jambo moja kwanza, kwa sababu linaamua utanunua aisingi kiasi gani. Keki iliyodidimia katikati hula aisingi nyingi, maana lazima ulifukie shimo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na gesi ya bekingi pauda hupanuka haraka kabla keki haijashika, kisha katikati panaanguka. Mapishi yakisema vijiko viwili vidogo vya bekingi pauda, weka kimoja na nusu. Ukitumia unga unaoumuka wenyewe, usiongeze chochote. Watu wengi huongeza "ili ifure vizuri", halafu wanalaumu oveni.

1. Aisingi ya siagi na majarini

Hii ndiyo ya kwanza, na haina mshindani wa karibu. Vitu vyote viko duka la mtaani, haihitaji friji usiku kucha katika hali ya hewa ya kawaida ya Nairobi, na ikibaki inakaa kwenye mkebe uliofungwa, mradi uiweke mahali pa baridi na usikawie sana.

Kwa keki ya inchi 8: siagi gramu 125, majarini gramu 125, sukari ya aisingi gramu 500, maziwa vijiko viwili vya mezani, chumvi ya kubana kwa vidole. Hiyo inajaza katikati na kufunika pande zote. Ukitaka maua makubwa juu, ongeza nusu ya kila kitu.

Unaponunua majarini, geuza mkebe usome asilimia ya mafuta. Unatafuta 80 au zaidi. Zile laini za kupaka mkate zina maji mengi zaidi. Aisingi yake huteleza ubavuni mwa keki na kutoa jasho baada ya saa mbili tatu. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu mkebe wa bei rahisi unafanana na mwenzake.

Piga siagi na majarini peke yake kwanza, dakika tano kwa mashine au kumi kwa mwiko, hadi rangi ipauke. Chekecha sukari, uitie kwa awamu tatu. Maziwa yaje mwisho, kijiko kimoja kimoja, na yawe ya joto la chumbani. Mwezi wa saba, jikoni kukiwa na baridi, siagi hubaki ngumu na maziwa ya friji huikatisha: unaona vipande vidogo kama maziwa lala yaliyovurugwa. Usiitupe. Shikilia bakuli juu ya mvuke wa sufuria kwa sekunde kumi, piga tena, rudia hadi ilainike. Januari na Februari tatizo hugeuka, aisingi inalegea. Weka bakuli ndani ya maji baridi dakika kumi kisha upige upya.

Kasoro yake ni rangi. Majarini ni ya njano, kwa hiyo rangi ya buluu inatoa kijani cha bwawa na waridi inaelekea chungwa. Dawa ni tone dogo mno la zambarau, la ncha ya kijiti cha meno, ambalo huua ule unjano kabla hujaweka rangi unayoitaka. Njia nyingine ni kubadilisha majarini na mafuta meupe ya mgando, aina ya Kimbo. Aisingi inatoka nyeupe na inastahimili jua vizuri zaidi, lakini usivuke nusu ya mafuta yote. Ukivuka, mlaji anabaki na utando wa mafuta kwenye kaakaa na atakwambia keki "inakaa mdomoni".

Nunua rangi ya jeli, si ile ya majimaji ya chupa ndogo. Ya majimaji inahitaji nyingi ili ionekane, na yale maji ndiyo yanayoikatisha aisingi. Nyekundu na nyeusi zichanganye siku moja kabla, kwa sababu hukolea zikikaa.

Sukari ya aisingi usijaribu kuisaga kwa blenda ili kuokoa shilingi. Chembe hubaki na zinasikika kwenye meno. Ya kusaga nyumbani inafaa kunyunyizia mandazi tu.

2. Krimu ya mimea ya majimaji

Ile ya pakiti ya lita moja inayouzwa ikiwa imeganda kwenye maduka ya vifaa vya keki. Kwa muonekano inaishinda namba moja: ni nyeupe kabisa, nyepesi, na wageni wasiopenda sukari nyingi wataifurahia. Imeshuka hadi nafasi ya pili kwa sababu mbili tu: inataka friji na mashine ya umeme, na pakiti moja inatosha keki tatu. Ukioka moja, mbili zilizobaki zitakuharibikia kwenye friji. Kama kuna jirani au mwanachama wa chama anayeoka wikendi hiyo hiyo, gawaneni pakiti na mpangilio wetu unageuka: hii inakuwa ya kwanza.

Kiasi ni mililita 350 kwa keki. Ikipigwa huongezeka mara tatu au zaidi, kwa hiyo bakuli lijae robo tu mwanzoni. Iyeyushe sehemu ya chini ya friji usiku kucha, si juu ya kaunta. Piga ikiwa bado baridi kabisa, mwendo wa kati. Simamisha mashine pale mchapo ukiinuliwa unaacha ncha iliyosimama na kupinda kidogo kichwani. Sekunde thelathini zaidi na inaanza kutoboka vitundu na kukauka kama povu la sabuni. Ikifika huko, korogea vijiko viwili vitatu vya krimu ambayo haijapigwa, kwa mkono, polepole. Nyingi zimeshatiwa sukari kiwandani; soma pakiti kabla ya kuongeza.

Dukani, ikatae pakiti iliyovimba, na ile iliyo na barafu nje iliyoshikana kama jiwe. Hiyo huenda iliyeyuka ikagandishwa tena, na krimu ya namna hiyo hukataa kuumuka. Ukiinunua mjini na kuipeleka Kitengela saa ya foleni, itaanza kuyeyuka njiani na hilo si kosa. Iingize friji, usiirudishe kugandishwa.

3. Krimu ya unga

Inakaa kabatini bila friji na unanunua gramu 100 tu ukitaka. Kwa kawaida gramu 100 huchanganywa na mililita 200 za maji au maziwa ya baridi sana, lakini fuata pakiti. Tatizo ni ile iliyopimwa upya kwenye mfuko mweupe usio na maandishi: hujui tarehe wala kipimo. Inafaa kujaza katikati ya tabaka. Kwa nje huanza kufifia na kulegea baada ya saa chache, kwa hiyo pamba karibu na saa ya kukata.

4. Fondanti

Picha za fondanti ndizo zinazouza keki, na ndizo zinazomaliza bajeti. Hesabu ni hii: keki ya inchi 8 yenye kimo cha inchi 4 inahitaji duara la karibu inchi 17. Likisukumwa unene wa milimita 4, ni karibu gramu 750, na chini yake bado unahitaji aisingi ya namba moja ili lishike. Kwa maneno mengine unalipa mara mbili, halafu watoto wanaibandua na kuiacha kando ya sahani.

Ukiitaka lazima, nunua gramu 250 tu, ukate herufi na nyota za kuweka juu. Usiiweke juu ya krimu mapema kwa sababu unyevu unaiyeyusha, na keki iliyofunikwa nayo usiitie friji. Ikitoka hufunga umande na kunata.

5. Krimu ya maziwa

Tamu kuliko zote, na ya mwisho. Ni ghali, huongezeka mara mbili tu, na ikizidishwa kupigwa inageuka siagi. Lazima iwe na mafuta asilimia 35 hivi. Ile ya kupikia michuzi haitasimama hata upige hadi jioni.

Vifaa

Nozo mbili zinatosha: ya nyota kubwa na ya duara ndogo ya kuandikia. Chuma cha kulainishia ubavu kinaweza kuwa rula mpya ya chuma kutoka duka la vitabu. Mikebe ya kuokea nenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, na uikague: ubavu uwe wima, usiwe umepanuka juu, kimo inchi 3, na ukiweka maji yasivuje kwenye mshono. Mkebe wenye ubavu wa mshazari unakupa tabaka mbili zisizolingana, na pengo linajazwa kwa aisingi.

Boksi liwe la inchi 10 kwa keki ya inchi 8. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, wengi hulitia boksi ndani ya mfuko mwembamba wa kitambaa, likakaa upande. Libebe kwa mikono miwili, au tafuta mfuko wenye kitako kipana kuliko boksi.

Mapambo ya ukutani

Maputo ya kawaida na pampu ya mkono yanatosha. Kwa shada la mita mbili: maputo 40 ya inchi 12 na 20 ya inchi 5. Ya inchi 12 yapulize hadi inchi 10, ili yakipata jua yawe na nafasi ya kupanuka. Funga mawili mawili, kisha jozi mbili zisokote ziwe nne, uzipitishe kwenye uzi wa kuvulia samaki. Madogo yanaziba mianya.

Ukitaka maua juu ya keki pia, maua halisi ya soko la City Market ni rahisi kuliko ya plastiki, lakini waridi hupuliziwa dawa shambani. Shina lifungwe kwa karatasi ya foili na ua likae juu ya kipande cha karatasi ya kuokea, lisiguse aisingi. Maua ya ua wa nyumba kama oleanda, na yungiyungi jeupe la bustanini, yana sumu. Hayo yasikaribie keki hata kwa picha.

Heliamu, ile gesi ya kuelesha maputo, iache. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo puto hilo hilo hubeba uzito mdogo zaidi, na la mpira wa kawaida lililojazwa jioni linaweza kuwa sakafuni kesho yake mchana, kabla wageni hawajavua viatu.